Alhamisi ya Mahendra Kiwandani

Mahendra aliuza wiski dukani kwake Kisumu kwa miaka thelathini na minne bila kuonja hata tone, kwa kuwa dini yake haikumruhusu. Hata hivyo, alitamani mno kuona kwa macho yake jinsi inavyotengenezwa. Sasa alikuwa London, mgeni wa dada yake Bharti mtaani Neasden, na kabla ya kurudi ilibaki Alhamisi moja tu. Kwa magoti yake yaliyochakaa, hakuna aliyetarajia apande ndege tena.

Deepak, mumewe Bharti, alichagua kiwanda cha wiski kinachotembelewa na wageni, chenye picha za kumetameta kwenye simu.

"Tununue tiketi, mambo kwisha!"

"Niwapigie kwanza," alisema Bharti.

"Uwaulize nini? Kwamba shemeji hanywi? Mke wangu, utatuaibisha! Asiyekunywa anafuata nini huko?"

Bharti hakuwa mtu wa kumumunya maneno. Alipiga simu, akauliza kuhusu ngazi, kuhusu wasiokunywa, na kama mitambo ingekuwa inafanya kazi. Kumbe Alhamisi hiyo mitambo ingezimwa isafishwe, na wageni wangeonyeshwa filamu na duka tu! Deepak akanywea. Bharti akapiga kwingine, na kwingine tena, hadi akapata kiwanda kidogo mashariki mwa jiji. Huko hakukuwa na ngazi, mitambo ingewaka, na asiyekunywa alikaribishwa kunusa. Akanunua tiketi tatu papo hapo.

Alhamisi ilipofika, joto na harufu ya kimea cha shayiri viliwapokea mlangoni. Philippe, mwenyeji wao, alimsogeza Mahendra hadi kwenye kisanduku cha kioo ambamo pombe mpya ilikuwa ikitiririka kutoka kwenye mtungi mkubwa wa shaba.

"Mbona haina rangi, kama maji?" Mahendra alishangaa.

"Rangi huipata ndani ya pipa, miaka inavyopita," Philippe alimjibu.

"Lo! Na mimi niliwaapia wateja kuwa ni rangi ya shayiri!" Mahendra alicheka hadi machozi yakamtoka. "Dada, umenipa nilichokitamani ujana wangu wote."

Bharti alijawa na furaha isiyo kifani. Alipogeuka, alimwona Deepak, yule aliyeogopa aibu, amenyoosha mkono juu kwa mara ya nne ili amuulize Philippe habari za mapipa. Hakika, kuuliza si ujinga.