Bi Nguchiro na Simba Aliyekalia Mlango

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye nyumba yuko wapi?
Yuko nje, mgeni kamkalia mlango!

Basi hapo zamani za juzijuzi, maana hadithi hii si ya kale kama mnavyodhani, alikuwako Bi Nguchiro. Mwili mwembamba, mkia mrefu, macho hayatulii. Alikuwa na watoto watano, na nyumba yao ilikuwa ndani ya kichuguu kando ya dimbwi. Mchwa walikwisha kukihama zamani, wakaacha matundu: hili la kuingilia, lile la kutokea, mengine ya kupitisha upepo.

Kiangazi kikaja. Mabwawa yote yakakauka, likabaki dimbwi lile moja. Simba dume akaja, na hakuja kunywa tu. Akatazama huku, akatazama kule, akaona kwamba juu ya kichuguu mtu anamwona kila ajaye majini. Akapanda, akajilaza. Tumbo likaziba tundu la juu, mapaja yakaziba la kando. Akanguruma, nguruuu! Ndani vumbi likaanguka, puu, juu ya watoto.

Siku ya kwanza akaua pundamilia, akala ini na paja, mengine akayaacha yaoze. Siku ya pili akaua pofu, yule mnyama mwenye pembe aliye mkubwa kama ng'ombe, akala ini na paja, mengine akayaacha yaoze. Siku ya tatu akaua nyumbu wawili, na wala hakuwa na njaa. Na kila akinguruma, nguruuu, vumbi likaanguka, puu, juu ya watoto.

Bi Nguchiro akamwendea, akamwamkia, akamweleza kwa adabu kwamba chini yake kuna watoto na hewa haipiti. Simba akamjibu kuwa kukaa karibu na mkubwa ni heshima, na heshima hailiwi bure. Kila asubuhi amletee habari ya nyama iliko. Siku asipoleta, yeye atakula mtoto mmoja.

Kesho yake Bi Nguchiro hakuleta. Angeletaje, na swala ni jirani yake wa kupashana habari za nyoka? Simba akatia ukucha tunduni, akamtoa kitinda mimba, akammeza bila kutafuna. Bi Nguchiro alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akajikung'uta vumbi, akasema moyoni, “Huyu ataondoka. Ataondoka yeye, si mimi.” Watu husema aliye juu mngoje chini. Bi Nguchiro hakuwa na nafasi ya kungoja.

Sasa, ng'ambo ya dimbwi, kwenye migunga, palikuwa na kambi ya watafiti wa wanyama. Mkubwa wao Daktari Nashipai, na dereva wake Kisioki. Kazi yao ilikuwa kujua simba wanatembea wapi. Bi Nguchiro aliijua kambi ile vizuri, kwa sababu Kisioki alikuwa akitupa maganda ya mayai, na alikuwa amekwisha kuwaona wakifanya kazi yao mara tatu. Jua likishuka hufunga nyama mtini, huweka spika juu ya gari, na spika hulia kama ndama wa nyati aliyepotea, mbooo! Simba akija, Daktari humpiga kwa bunduki ya sindano ya usingizi, pyu! Akilala humpima meno, humpima nyayo, humvisha shingoni kola yenye redio. Kisha humwacha aamke, na tangu hapo humfuata kwa gari kila aendako.

Asubuhi Bi Nguchiro akaenda chini ya kichuguu.

“Shikamoo, Bwana Mkubwa.”

“Marahaba. Umeleta habari?”

“Nimeleta. Kule kwenye migunga, jua likishuka, inalia sauti ya ndama wa nyati.”

“Mama yake yuko wapi?”

“Nimetafuta sana, Bwana. Hana mama.”

“Na nyama nyingine ipo?”

“Ipo, imefungwa mtini. Hata kukimbia haiwezi.”

Simba akamtazama kwa jicho moja. “Na wewe unapata nini?”

“Mimi nataka watoto wangu wavute hewa.”

Haya, nyote mmesikia. Hapo kuna neno hata moja la uongo?

Jua likashuka, spika ikalia, mbooo! Simba akashuka mbio. Njiani akakutana na Fisi, naye Fisi akamuuliza ni ndama gani huyo anayelia bila kupumzika na wala hanuki. Simba akadhani Fisi anataka kumtangulia, akaongeza mwendo. Hata nyama hajaitia mdomoni, pyu! Hatua moja, hatua mbili, ya tatu akaanguka, tii!

Alipoamka alijikuta amevaa kola. Akajiona mfalme, hata binadamu wamemvisha. Asubuhi alikuwa tena juu ya kichuguu, shingo kaiinua zaidi ya jana. Watoto wakamlilia mama yao. Bi Nguchiro akawaambia wavumilie, akatoka akapita kundi kwa kundi, kwa pundamilia, kwa pofu, kwa nyumbu, akiwaambia neno lilelile: “Mkisikia gari, jueni Simba yuko mbele yake.”

Gari likaja. Pip, pip, pip, redio ikaita. Kisioki akazima injini. Daktari akaandika: saa moja, amelala. Saa mbili, amejikuna.

Kila asubuhi Bi Nguchiro alimpa Simba habari ya nyama iliko, kama alivyotakiwa. Simba akaenda kunyemelea pundamilia. Gari nyuma yake, ngrrr, pip, pip, pip. Pundamilia wakainua vichwa, wakaenda zao. Akaenda kwa pofu. Gari nyuma yake, ngrrr, pip, pip, pip. Pofu nao wakaenda zao. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu alikula panzi, na Daktari akaliandika hilo pia.

Siku ya nne mbavu zinahesabika. Akamwita Bi Nguchiro.

“Hawa wanataka nini kwangu?”

“Wanataka kujua unakokwenda, Bwana Mkubwa.”

“Basi nitakwenda mbali.”

“Nenda, Bwana. Hawatakuacha peke yako.”

Akashuka, akavuka vilima, gari nyuma yake, pip, pip, pip, na hakuonekana tena kwenye dimbwi lile. Daktari Nashipai aliandika katika ripoti yake kwamba simba huyu ameacha mahali penye maji, mawindo na kilima cha kutazamia, kwa sababu ambazo bado zinahitaji utafiti.

Bi Nguchiro akawaita watoto wake watoke. Wakatoka wanne, wamejaa vumbi, wakavuta hewa. Akamwita na wa tano, kwa jina lake, mara moja tu. Kisha akawapeleka wanne kunywa maji.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni mwenyewe.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mdogo asishindane na mkubwa. Bi Nguchiro hakushindana na mtu. Aliulizwa nyama iko wapi, akasema.