Mabuti ya Mbonea

Mbonea alikuwa na shamba bondeni, mahali ambapo tope halikauki mwaka mzima. Alilima pekupeku, na kila jioni mkewe Yunesi alimchokoa miiba nyayoni kwa pini. Siku moja baba mkwe alikuja kuwatembelea, akaziona zile nyayo, akamwonea huruma. Safari iliyofuata alimletea mabuti ya mpira, meusi, marefu mpaka magotini.

Furaha ya Mbonea ilikuwa kubwa mno. Siku hiyohiyo aliyapangusa kwa kitambaa safi, akayapigilia kibao ukutani, akayaweka juu yake. Kila Jumapili aliyavaa kwenda kanisani, akipita pembeni mwa njia penye majani ili yasiguse udongo. Akisimama kushuhudia, hakuacha kuutaja wema wa baba mkwe, na watu waligeuka kumtazama miguu. Jumatatu mabuti yalirudi kibaoni, naye akarudi shambani pekupeku. Yunesi akaendelea kuchokoa miiba.

Jumamosi moja asubuhi ng'ombe wa Nakunda, mjane jirani yao, alitumbukia kwenye kinamasi chini ya shamba la Mbonea. Mama huyo hakuwa na ng'ombe mwingine, na huyu alikuwa na mimba. Watu walifika na kamba, lakini waliishia ukingoni. Matete ya pale yalikuwa yamekatwa juzi tu, na vishina vyake, vikali kama misumari, vilikuwa vimefichwa na maji. Mbonea alijaribu kuingia. Hakufika mbali, alirudi akichechemea, unyayo unatoka damu. Ng'ombe alikuwa ameshazama mpaka tumboni. Nakunda alisimama ukingoni akimtazama ng'ombe wake.

"Si una mabuti, Mbonea?" jirani mmoja akauliza.

"Yale ni ya kanisani," akajibu, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe hakuyapenda.

Yunesi alikuwa ameshakwenda nyumbani mbio. Alirudi na mabuti kwapani, akayaweka mbele ya mumewe. "Baba hakukupa pambo la ukutani, mume wangu," alisema. "Alikupa viatu."

Mbonea akayavaa, akaingia. Tope lilipanda mpaka magotini, likamwagikia ndani, na kila hatua ikatoa mlio uliowachekesha hata wazee. Alimfikia ng'ombe, akamfunga kamba kifuani, na wenzake wakavuta huku wakiimba. Ng'ombe alitoka, akajikung'uta, akawarushia tope wote waliokuwa karibu. Nakunda alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake Mbonea alikwenda kanisani kwa aibu. Alikuwa ameyasugua mabuti kadiri alivyoweza, lakini yalijaa mikwaruzo, na kwenye soli tope lilikuwa limegoma kutoka. Mlangoni akamkuta baba mkwe, amekuja bila taarifa.

"Shikamoo, baba. Unisamehe, nimeyaharibu."

Mzee aliyatazama mabuti, akamzunguka mkwewe taratibu kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Kisha uso ukamchangamka.

"Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo naona yamekutosha."

Tangu hapo Mbonea akisimama kushuhudia huwa anasema maneno machache na kuketi, wala hakuna anayelalamika, kwa sababu majirani wameshamwona akifika na mabuti yake mifereji ikiziba, mgonjwa akihitaji kuvushwa mto, na mvua ikiangusha nyumba ya mtu.

Ndugu zangu, imani tumepewa bure, na Jumapili tunapendeza nayo kweli. Je, Jumatatu tunaivaa kwenda wapi?