Ngiri na Chungu cha Kanga

Paukwa.

Mnanong'ona nini? Nimesema paukwa. Haya, pakawa. Pakawa chungu, pakawa mwenye chungu, na pakawa jirani aliyekitolea macho chungu hicho mpaka macho yakamwuma. Mwenye usingizi akalale, mimi simbembelezi mtu.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama wote walipokuwa na mafiga matatu jikoni kama sisi, Ngiri alikuwa jirani wa Kanga, ndege yule wa madoadoa. Ua wa makuti tu ndio uliowatenga.

Ngiri alikuwa na watoto watatu. Mdogo wao alikuwa binti, wakamwita Kibogoyo kwa sababu meno yalikuwa hayajamtoka.

Sasa watoto hao, kila mchana moshi wa Kanga ukipanda, wao mbio. Walinawa kwa Kanga, wakala kwa Kanga, wakajilamba vidole kwa Kanga. Wakirudi kwao matumbo yametuna.

"Njooni mle," Ngiri huwaambia.

"Tumeshiba, mama."

Chakula chake kikalala. Kikachacha. Kikamwagwa.

Lilimwuma jambo hilo, usiombe. Mtoto umzae wewe, halafu akusifie chungu cha mwenzio. Akilala anakiona chungu, akiamka anakiona chungu. Akasema moyoni, Kanga ana dawa. Mpaka niijue hiyo dawa ndipo wanangu watakaa kwenye mkeka wangu.

Siku ya kwanza akaenda, kajipaka tabasamu usoni.

"Hodi, shoga. Mchicha wako unautia nini?"

Kanga hakuwa na hiana. "Kitunguu kimoja, nyanya mbili, chumvi ya kubana kwa vidole. Tui jepesi litangulie. Mchicha ukilainika, mimina tui zito, koroga bila kuacha, likitokota mara moja epua. Usifunike."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka na nini tena?"

Ngiri akarudi kwake roho inachemka kuliko chungu. "Ananificha yule. Chakula kinachoiba watoto wa watu hakiwezi kuwa kitunguu na nyanya." Akatanguliza tui zito. Akafunika. Akatia mdalasini, akatia pilipili, akatia chumvi konzi mbili. Alipofunua, tui limekatika, mafuta juu, maji chini, na mchicha umelala katikati kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

Watoto wakaonja. Wakatazamana. Wakaruka ua.

Siku ya pili akaenda tena. Tabasamu lilikuwa limepungua.

"Shoga, na ndizi zako je?"

"Ndizi mbivu. Menya, zipange, mimina tui, sukari kidogo, iliki mbili. Ila usikoroge, zitavunjika. Shika chungu masikioni, ukitikise tu."

Ngiri akatoka macho mekundu, akawageukia wanawe. "Mmesikia? Kwenye mchicha nikoroge, kwenye ndizi nisikoroge. Mwongo mkubwa. Ananichezea."

Akashika mwiko. Akakoroga, akakoroga, akakoroga mpaka bega likamlegea. Akatia na chumvi konzi mbili, maana mkono ule ulikuwa umekwisha kuzoea. Zikatoka si ndizi, si uji. Mtoto wake mkubwa akauliza, "Mama, hii ni ya kula au ya kuzibia ukuta?"

Wakaruka ua.

Siku ya tatu Ngiri hakubisha hodi. Alikwenda nyuma ya ua, akapiga magoti, akachungulia upenyo wa chini. Leo nitaiona hiyo dawa, akasema.

Kanga alikuwa anapika maharage. Akaweka kitunguu, Ngiri akakihesabu. Akamimina tui jepesi. Akamimina tui zito, akakoroga, hakufunika. Akabana chumvi kwa vidole, akaitupia mwisho. Akaonja, akatingisha kichwa, akaenda kisimani kuosha sahani.

Dawa hakuna. Hakuna kabisa. Ni vilevile alivyoambiwa.

Hapo ndipo wivu ulipomshika barabara. Kama dawa ingekuwepo, angeiiba, yakaisha. Sasa aibe nini? Angalau mwenzake angekuwa mchawi. Yule ni mpishi tu, tena hana choyo.

Akapenya chini ya ua. Akachota chumvi ya Kanga mwenyewe, konzi moja, konzi mbili, konzi tatu, akaitumbukiza chunguni. Akakoroga. Akarudi nyuma ya makuti, akapiga magoti tena, akangoja. Leo wataona. Leo watarudi kwangu.

Kanga akarudi, akapakua. Watoto wa Kanga na watoto wa Ngiri wakanawa, wakakaa mkeka mmoja. Kibogoyo ndiye aliyetangulia kutia tonge kinywani. Akamumunya. Akaacha kumumunya. Akageuza shingo huku na huku.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

"Mama yako yuko kwenu," Kanga akamjibu. "Kwani vipi?"

"Hayupo kwetu. Leo kapika hapa. Huu mkono wake."

Wenzake wakaonja, wakatema. Wakaenda nyuma ya ua. Wakamkuta mama yao kapiga magoti, pua chini, vidole vyeupe kwa chumvi.

Kanga akaja nyuma yao, kashika mwiko. "Shoga, mimi nilikuambia ya kubana kwa vidole. Konzi sikukutajia."

Ngiri angeomba radhi, lakini uso wake haukuwa na mahali pa kuomba radhi.

"Nani kagusa chungu chako?" akasema. "Mimi natafuta mizizi hapa."

"Mizizi?"

"Mizizi. Sisi ngiri ndicho chakula chetu."

Na kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama, ikambidi achimbe. Akachimba kwa pua, magoti chini. Akatoa mzizi una mchanga, akautafuna, akameza.

"Mtamu, mama?" Kibogoyo akauliza. Njaa ilikuwa inamwuma, na maharage yote yalikuwa yameharibika.

"Mtamu."

Watoto wakapiga magoti kando yake, mmoja, wa pili, wa tatu, wakachimba. Alitaka wanawe wale kwake, haya, wakala kwake. Na tangu siku ile Ngiri hakuwasha moto tena, maana angewasha, maneno yake ya mizizi yangeonekana uongo. Nendeni porini mkamtazame. Hadi leo anakula kapiga magoti, mchanga mdomoni.

Basi wajukuu zangu, hasa nyie mnaotazamana vikombe, mkionyeshwa njia nyepesi na mtu asiye na hila, ifuateni. Mwenye kijicho akipewa kweli huitafutia uongo wake, na akiukosa huharibu chungu ambacho wanawe mwenyewe wangekila.

Hapo nimeiepua. Kama imekolea, ni yetu sote. Kama imezidi chumvi, niachieni mwenyewe nikwangue chungu changu.