Korongo Lina Miaka Mingapi?

Hapo zamani, kabla ya mimi na wewe kuhesabiwa miongoni mwa watu, ukame ulikiangukia kijiji kimoja kando ya korongo kuu. Watu wakatafuta wa kumlaumu. Wakampata Tapsubei, mjane. "Babu yake ndiye aliyeipasua ardhi kwa laana!" Wakamfukuzia ng'ambo ya korongo, wakakataza yeyote kumvukia. Wazee wakawaambia wanawe watatu: "Thibitisheni kwamba korongo lilimtangulia huyo babu, mama yenu atarudi. Ila mje na neno moja mliloafikiana nyote."

Kiptarus akachonga alama mwambani, akapima kwa miaka miwili. Kwa mwaka mto ulikula unene wa ukucha. Lomaa akashuka kwa kamba, akakuta kokoto za mtoni katika pango la juu kabisa. Jesang, kitindamimba, akakuta majivu ya mlima wa moto yametanda kwenye kingo za kale, ndani ya korongo.

Kila asubuhi mama aliita toka ng'ambo: "Wanangu, bado?"

"Bado kidogo, mama!"

Kiptarus akasema, "Miaka elfu themanini."

Lomaa akacheka. "Mto haukati sawasawa kila mwaka, kaka. Kule juu ulikaa sana. Ni laki mbili."

"Nyote mmepotea," akasema Jesang. "Mlima ulipowaka, kabla ya hizo laki mbili, korongo lilikuwa limeshachimbika. Ni zaidi ya hapo."

Wakabishana msimu mzima. Jesang alijua kwamba hata hesabu ndogo ilitosha, maana babu alizikwa juzijuzi tu. Alijua, akanyamaza. Alitaka yake ishinde.

"Wanangu, bado?" Sauti ilikuwa imekonda.

"Bado kidogo, mama!"

Asubuhi moja hakuita. Wakavuka mbio, wakamkuta ameketi, uso ameuelekeza kwao, amekauka kwa njaa. Jesang alilia mpaka sauti ikamwishia, na kilio hakikumrudisha mtu.

Kaburini wazee wakasema, "Udongo wa kwanza autupe mwenye hatia ndogo kuliko wenzake."

"Mimi nilikuwa na jibu mwaka wa kwanza," akasema Kiptarus, "nikataka kupima tena."

"Mimi nilimpinga kaka," akasema Lomaa, "lakini sikusema uongo."

"Mimi nilijua yote yanatosha," akanong'ona Jesang. "Ninyi hamkujua."

Kila mmoja ameshika udongo, hakuna anayeutupa, na jua linamchoma mama yao. Enyi mnaonisikiliza, na wazee waliodai neno moja tuwaweke wapi? Je, nani alistahili kumfukia?