Kwa Nini Mlenda Hauombwi

Kuna wakati mlenda ulikuwa na mwenyewe. Mboga hii mnayoiona leo imejiotea katikati ya mtama, kando ya njia, hata juu ya kichuguu, zamani hizo haikuota mahali isipopandwa kwa mkono. Mbegu zake zote zilikaa ndani ya kibuyu kimoja, nyumbani kwa mzee aliyeitwa Ndahani. Mawingu ya kwanza yalipoonekana, kila mama alifika uani kwake, akapiga magoti, akapewa konzi moja.

Aliyekitunza kibuyu hicho ni Nyemo, mke wa mwanawe. Ndiye aliyevuna, akapepeta, akachanganya mbegu na majivu zisiliwe na wadudu. Mumewe alikuwa malishoni na ng'ombe karibu mwaka mzima. Nyemo hakuwa na maneno mengi, lakini akikwambia panda leo, ulipanda leo.

Mwaka mmoja ukazuka ugomvi wa maji. Watu wa ng'ambo ya korongo walichimba kisima kipya mchangani, na kisima cha Ndahani kikapungua. Mzee akaapa kwamba ng'ambo haitavuka mbegu hata punje moja. Sasa, Nyemo alizaliwa ng'ambo. Mama yake alikuwa huko, na watoto wa kaka zake. Katika nchi ile ya joto, bila mlenda, ugali wangeuteremsha na nini?

Akapiga magoti mbele ya mkwe wake, macho chini.

"Baba, watoto hawakuchimba kisima."

"Maji yake wanayanywa," Ndahani akajibu. "Niletee kibuyu. Kuanzia leo nitakitunza mwenyewe."

Nyemo akaingia ndani, akakishika. Alijua mwanamke anayemwasi mkwe hurudishwa kwao kwa aibu. Lakini mbegu zile alizivuna kwa vidole vyake, na alijua kibuyu kikishalala kwa mzee, ng'ambo watakula ugali mkavu hadi mavuno. Akatoka nacho mchana kweupe, jua la utosi, akakata uani mbele ya watu wote.

"Nyemo! Unakipeleka wapi?"

"Ng'ambo, baba."

Mzee akachukua fimbo, akamfuata. Nyemo hakukimbia. Aliposikia hatua zimekaribia, akazibua kibuyu, akatia mkono, akarusha konzi ya kwanza kulia, ya pili kushoto. Akarusha shambani, akarusha njiani, akarusha zizini na jalalani, huku anatembea. Upepo unaotangulia mvua ukazidaka zile mbegu nyeusi, ukazisambaza mbali kuliko alivyoweza yeye. Ndahani akatupa fimbo, akapiga magoti kuziokota, na kila alichookota kilikuwa mchanga.

Kisha mvua ikashuka. Nyemo aliwahi kuvuka korongo kabla halijajaa, akakung'uta zilizobaki upande wa pili.

"Usirudi kwangu!" mzee akapaza sauti kutoka upande wake.

"Nimesikia, baba."

Mama yake alimpokea akilia. "Umevunja nyumba yako, mwanangu."

"Nimeivunja," Nyemo akasema. "Lakini mboga mtakula."

Na walikula. Siku chache tu, ardhi yote ikawa kijani, huku na huko, hata pale ambapo hakuna jembe lililowahi kufika. Kisha mvua zikakatika, jua likawaka kama tanuri. Mtama ukajikunja, kunde zikakauka zikiwa bado na maua. Mlenda ukabaki umesimama. Watu wa pande zote mbili wakatoka na vikapu, wakachuma bega kwa bega, kwa kuwa hakuna aliyejua upi ni wa nani.

Ndahani peke yake aligoma. Alisema hali mboga ya kuokota. Siku ya tatu njaa ikamtuliza, akala, akaramba vidole.

Asubuhi moja akavuka korongo, akamkuta Nyemo na mama yake wanachuma majani shambani. Nyemo akapiga magoti.

"Karibu, baba."

"Nimepita mashamba mengi kuja hapa," mzee akasema. "Nimetafuta mlenda wangu, sikuuona. Nimeona mlenda tu."

"Na nikirudi nyumbani, nani atagawa mbegu?"

"Zinajigawa. Rudi, mwanangu. Mimi ndiye ninayeomba."

Nyemo akainuka, akajifuta mikono kwenye khanga, akamtwika mama yake kikapu. Kisha akarudi na mkwe wake, wakitembea sambamba.

Na tangu siku hiyo mlenda hujiotea wenyewe mvua ya kwanza inapogusa ardhi. Mkulima hupalilia mtama, akifika penye mlenda huuruka. Mpita njia huingia shamba la mtu asiyemjua, akachuma wa kumtosha, akamsalimu mwenye shamba na kwenda zake. Kusalimia atasalimia. Lakini akiomba ruhusa, watamcheka, na watamuuliza ametoka nchi gani.