Vipimo vya Wino wa Qahtaba

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Kufa palikuwa na karakana ya wino, mali ya Bwana Qahtaba. Wafanyakazi tisa, kila mmoja kafunzwa jambo moja tu: huyu achome masizi, yule atwange gundi, mwingine akoroge. Vipimo alivijua Qahtaba peke yake, akichanganya wino katika chumba cha ndani, mlango kaufunga, asije mtu akaijua kazi yote akamkimbia.

Miongoni mwao alikuwamo Umayma, mjane kijana mwenye kichanga mgongoni. Miaka saba anaosha vinu! Ilhali akidondosha tone la wino juu ya ukucha, papo hapo alijua kama litadumu au litapauka. Qahtaba humwita, humuuliza, kisha humwambia, "Haya, rudi kwenye vinu vyako."

Ikawa mikono ya Qahtaba imeanza kutetemeka kwa uzee, hawezi tena kupima. Akamwita Umayma chumbani.

"Binti yangu, nitakufunza vipimo. Utachanganya wewe, fundi mkuu ataitwa mwanangu Dhirari. Ila uape hutomfunza mtu mpaka kaburini."

"Dhirari asiyejua masizi na majivu?"

"Wewe una mtoto. Ukikataa, kesho usije."

Umayma akamwaza mwanawe. Asipokula yeye maziwa yatakauka, na maziwa yakikauka mtoto... hakuimaliza fikra hiyo. Akasema upesi, asije akajirudi:

"Baba, nawe nani alikufunza?"

"Marehemu Mzee Thabiti, Mungu amrehemu."

"Alikuapisha?"

Qahtaba akautia ufunguo mfukoni.

"Hakukuapisha! Alikupa amana, wewe ukaitia kufuli. Bi Lubaba katwanga gundi miaka ishirini, mgongo umempinda, hajui hata ile gundi inakwenda kufanya nini, na kila siku unamwita mjinga. Mjinga kwa kuwa nani hakumfunza? Siapi, baba. Mwenyezi Mungu ananitosha."

Akatoka. Siku tatu alishinda kwa tende za jirani, akinyonyesha na kumwomba Mola subira. Huku nyuma Dhirari alichanganya wino kwa kubahatisha, nao ukapauka juu ya msahafu ulioandikiwa msikiti.

Siku ya nne Qahtaba akasimama mlangoni kwa Umayma. "Hata mwanangu sikumfunza. Rudi, binti yangu."

"Peke yangu?"

"Nitawafunza nyote."

"Basi uwaambie wao, kwa kinywa chako."

Akawaambia wafanyakazi wote, akawataka radhi. Bi Lubaba akaruka: "Miaka ishirini, bwana! Leo ndiyo unanifungulia, macho yenyewe hayaoni mizani?"

Umayma akawa fundi mkuu. Wawili kati ya wafanyakazi walijifunza wakaondoka kweli, wakafungua karakana zao Basra, na kila walipoulizwa walimtaja Qahtaba kwa kheri na kumwombea dua.

Enyi waumini, yuko mja leo mwenye watu chini yake, anasema hawana vipaji, na ufunguo uko mfukoni mwake. Siku ya Kiyama kila mchunga ataulizwa alichokichunga. Wale wawili Qahtaba atawataja. Lakini atakapoulizwa kuhusu Bi Lubaba, atajibu nini?