Kwa Nini Hondohondo Hujiziba Ndani ya Mti

Wekeni mapanga chini kwanza. Hakuna atakayeingia msituni na mimi leo kabla hajalisikia jambo hili, na anayeona namchelewesha arudi nyumbani akapikie mabua. Mmeniuliza kwa nini mimi hugonga mti kwa mgongo wa shoka na kutega sikio kabla ya kuukata, kisha mkacheka. Mimi nilipomcheka bibi yangu kwa jambo hilohilo alinizaba kofi, ndipo akanisimulia.

Zamani za mwanzo, milima yetu hii ikiwa imefunikwa na msitu kuanzia kileleni hadi mtoni, ndege hondohondo hakujificha. Jike alitaga ndani ya tundu la mti mkubwa, na mlango wa tundu ulikuwa wazi mchana kutwa. Hakuna aliyemgusa. Watu walijua kwamba ndege yule hula matunda akatema kokwa huku na huko, na alipotema, mti uliota. Yeye ndiye aliyeupanda msitu; sisi tuliukuta tu. Dume alipomletea mkewe chakula alitua kwenye shina, akagonga mara tatu kwa mdomo wake mkubwa, naye jike akamjibu mara tatu kutoka ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yao na karibu yao.

Basi palikuwa na mchonga ngoma aliyeitwa Shebughe. Zumbe, mtawala wa milima ile, alimwagiza ngoma itakayosikika hadi ng'ambo ya bonde. Mkewe Shebughe, jina lake Hoza, alikuwa mja mzito wa mwezi wa mwisho, na mume alitaka kumaliza kazi kabla mtoto hajaja. Mchonga ngoma huuchagua mti kwa kuugonga, ajue kama una uwazi ndani. Shebughe alizunguka siku tatu. Siku ya tatu akagonga mvule mmoja: ti, ti, ti. Kutoka ndani akajibiwa: ti, ti, ti.

Mtu mwenye akili angetia shoka begani akaenda zake. Shebughe alifurahi. Alisema moyoni kwamba mti huu ni ngoma tayari, akaanza kukata. Mle ndani jike alidhani aliyegonga ni mumewe, na hata alipojua siye, alikuwa na makinda wawili asioweza kuwaacha. Mvule ulipoanguka, dume alikuwa njiani na tini mdomoni.

Hoza alijifungua mtoto wa kike, akakaa ndani na mwanawe kama ilivyo desturi ya mzazi. Siku ya saba ngoma ikawa tayari. Shebughe akaiweka uani, akaipiga mara tatu kuijaribu, kisha akashusha mikono. Ngoma ikajipiga yenyewe mara tatu.

Nywele zilimsimama. Kabla hajaigusa tena, kivuli kilipita uani na hondohondo dume akatua juu ya ngoma. Akagonga, akajibiwa. Akagonga tena, akajibiwa tena, lakini hakuna mdomo uliotokeza kupokea chakula. Akageuza shingo huku na huko, akauona mlango wa nyumba, nao ulikuwa na giza ndani kama tundu. Akauendea, akagonga mara tatu.

"Nani?" akauliza Hoza, na kwa kuitika hivyo akajiponza.

Tangu hapo ndege hakubanduka. Aligonga asubuhi, akagonga mchana, mpaka ubao mmoja wa mlango ukalegea. Shebughe alimfukuza kwa fimbo, fimbo ikavunjika. Akamtupia mawe, yakamkosa. Tena ndege hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha zaidi. Alikuwa akimwita mkewe tu.

"Mume wangu, ulikata nini kule?" Hoza aliuliza. Alipoambiwa, alimvuta mwanawe kifuani. "Umemuua mzazi mwenzangu ndani ya nyumba yake. Huyu akijua mimi si mkewe, atamtaka mwanangu badala ya makinda yake."

Akachimbua udongo wa sakafu, akaukanda kwa maji ya mtungi, akauziba mlango kwa ndani, akabakiza ufa wa kupita kiganja. Akasema hatoki mpaka ndege arudishiwe kilicho chake. Shebughe alimwogopa Zumbe kuliko alivyomwogopa ndege, kwa hiyo akasitasita. Kila siku alimpitishia mkewe ndizi na maji kwenye ufa, na kila siku hondohondo alikaa juu ya paa akiitazama mikono hiyo miwili. Hoza akadhoofu. Maziwa yakapungua, kilio cha mtoto kikawa chembamba. Siku ya kumi tangu mlango uzibwe, mtoto hakulia kabisa.

Hapo Shebughe akamsahau Zumbe. Alijitwika ngoma, akaipeleka kwenye kisiki cha mvule huku ndege akimfuata, akaipasua ngozi yake, akapiga magoti.

"Nilisikia mti ukinijibu, nikaukata," alimwambia ndege. "Sitarudia, wala atakayezaliwa kwangu hatarudia. Niachie wangu."

Hondohondo aliingiza kichwa ndani ya ngoma, akakaa hivyo muda mrefu. Alipokitoa, aliruka akaenda zake bila sauti. Shebughe alirudi mbio, akaubomoa udongo kwa kucha. Mtoto alikuwa hai, ananyonya kidole cha mama yake. Zumbe alichukua mbuzi wote wa nyumba ile, na hakuna aliyelalamika.

Na tangu siku hiyo hondohondo jike akitaka kutaga hujiziba ndani ya mti kwa udongo, akabakiza ufa, na dume humlisha kwa ufa huo. Dume yule aliyaona hayo kwa Hoza. Anatuogopa, na ana haki. Nasi tuliotoka tumboni mwa Hoza hugonga kwanza, tukasikiliza, na mti ukijibu tunauacha.

Bibi yangu aliniambia kwamba enzi zake ukigonga miti kumi, mitatu ilikujibu, ukatoka mbio moyo ukikudunda. Mimi tangu masika yaliyopita nimegonga kila mti kuanzia hapa hadi mtoni. Sijajibiwa, wanangu, na sijawahi kuogopa hivi.

Mapanga yabaki hapohapo; leo tunaokota kuni zilizoanguka tu. Umebaki huu mmoja sijaugonga. Nyamazeni.